Matimba

Moshi wa kuni kavu unanichafua roho. Kila majira ya baridi hapa Qatar, familia ninayoifanyia kazi Al Wukair hupakia mahema kwenda kulala jangwani kwa raha zao, nami huenda nao kuchemsha chai na kuwaangalia watoto. Kuni hununuliwa dukani, zimefungwa kwenye mifuko kama viazi. Zikishika moto, Madam hufumba macho na kusifu harufu. Mimi hugeuza uso. Nilikulia jangwa jingine, Turkana, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu mwaka tuliompoteza kaka yangu Ekai.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyuma ya kijiji chetu kulikuwa na machimbo ya dhahabu yaliyoachwa. Wachimbaji walitoka mbali, wakachimba maduara, yaani mashimo ya kushuka wima kisha kuendelea chini kwa chini, na dhahabu ilipokwisha wakatuachia vumbi, ndara zilizokatika na betri za tochi. Sisi watoto tulirithi vyote. Tulishuka kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa ukutani, juu jua likichoma utosi, chini ubaridi mtamu na harufu ya popo. Ekai, mkubwa wetu na mwenye maneno mengi, alijifanya meneja. "Nyinyi fagieni ofisi," alituambia, "mimi naenda benki." Benki ilikuwa mwisho wa shimo, alikokwangua mchanga akitafuta chembe zinazong'aa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nilimwamini hata alipokuwa anadanganya waziwazi.

Ndani ya maduara yalisimama magogo ambayo wachimbaji waliyaita matimba. Waliyaleta kwa lori kutoka nyanda za juu, maana kwetu miti ya kimo kile haikuwapo. Mama zetu walitembea tangu alfajiri kutafuta kuni, na kumbe kuni zilikuwa pale, nene, kavu, hazina mwenyewe. Nani angeziacha? Walianza na zilizokuwa mlangoni, kisha za ndani, moja moja, wakizivuta kwa kamba na punda. Kijiji kizima kilipikia matimba, na Mama akasema Mungu ametukumbuka. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi watu wa mifugo hatukuwahi kuchimba ila visima vya mchanga mtoni wakati wa kiangazi, na hakuna aliyejua kwamba hata shimo huundwa.

Siku ile Ekai alikuwa benki, nami nikifagia karibu na mlango. Sikusikia kishindo kikubwa. Ilikuwa kama mtu ametua gunia la mahindi, kisha vumbi likanijia usoni. Nilimwita, naye akaitika. "Kamwite Mama," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikimbia. Wanawake walikuja na karai, sufuria na mikono mitupu, wakafukua, na kila walipofukua udongo ulimiminika upya. Akafika mwanamume aliyewahi kuwabebea wachimbaji maji. Aliinua macho akatazama dari, akauliza, "Matimba yaliyoshikilia hapa yako wapi?" Mama alikaa chini, karai bado mkononi. Jioni tulimtoa Ekai, amekwisha kufa.

Msibani jirani mmoja alinong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijamsamehe mpaka leo. Ekai hakuchimba lile shimo. Chai ya waombolezaji ilichemshwa kwa kuni zilezile, kwa kuwa hapakuwa na nyingine, na Mama ndiye aliyezisukuma motoni, moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu.

Leo ninapikia jiko la gesi katika chumba kipana kuliko darasa nililosomea, na kwa mshahara wa kwanza nilioweka akiba nilimnunulia Mama mtungi wake wa gesi. Juzi aliniuliza kwenye simu gesi hii hutoka wapi. Nilimweleza kwa majivuno kwamba nipo kwenye nchi ya gesi yenyewe, kwamba wanaivuta kutoka chini kabisa, chini ya bahari, na ndiyo iliyojenga maghorofa yote ya West Bay ninayompigia picha. Nilidhani atashangaa.

"Na huko chini," aliuliza, "wamebakisha kitu cha kushikilia?"

Nilimwambia kipo, Mama, kipo. Sijui kama kipo.