Dume Jeusi la Baba

Juzi mke wa mjukuu wangu alimpeleka mtoto hospitali, eti akisikia bodaboda analia mpaka anakauka. Nikafuatana nao. Daktari, kijana wa sauti ya puani, akauliza, "Kwaani mama, mtoto analala na naani?" Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Wakaniona kichaa. Ningewaambia nini? Swali hilo liliulizwa juu yangu zamani, meno ya utoto bado yako mdomoni, nikatamani ardhi inimeze.

Kwetu Shinyanga, kijijini, miaka ile Mwadui imeanza kutumezea wanaume. Baba yuko huko kwenye almasi, nyumbani tumebaki mimi, mama na bibi mzaa baba. Nalala na mama kitanda kimoja, ananukia moshi na samli. Asubuhi tunakula michembe, vile viazi vikavu, na karanga, halafu naenda kuchota maji. Raha gani tena, mwenzangu?

Basi baba akarudi, likizo ndefu. Kaja na blanketi, kofia, na dume jeusi la ng'ombe alilonunua njiani, shingo nene kama gogo. Siku hiyohiyo bibi akanishika mkono: "Mayu, mama yangu, umekuwa mkubwa. Baba yako yupo, utalala kwangu." Ndiyo desturi yetu. Lakini nyumba ya bibi ina mbuzi ndani, na bibi mwenyewe anakoroma, khrrr, kama jiwe la kusagia mtama. Na mimi nani aliniuliza?

Haikupita wiki, nikaanza kuliogopa lile dume. Likipuliza pua tu, nakimbilia ndani. Njia ya kisimani inapita mlangoni mwa zizi. Nikifika pale najikojolea, kibuyu chini, paa! Watoto wa jirani wakanitungia wimbo. Bibi akachoka: "Msichana asiyechota maji wa nini? Apelekwe Geita kwa shangazi yake." Geita! Kwangu ilikuwa mwisho wa dunia. Mama ningemwona lini tena?

Baba akasema kwanza aitwe mfumu, mganga wa kutazamia kuku. Kwake yeye, mwenye shida anamnong'oneza kifaranga shida yake, anamtemea mate mdomoni, ndipo mfumu anampasua na kusoma ndani. Tukakaa uani, majirani nao hao. Nikapewa kifaranga. Nikanong'ona. Kifaranga analia tu, pii pii pii! Nikajua hajanisikia, shangazi huyo ananisubiri. Nikapaza sauti kama naita ng'ombe: "Wewe kuku, sikia! Baba arudi Mwadui, mimi nilale na mama!"

Jirani mmoja akaangua kicheko, "Hee, mayu wee! Mume mwenza huyo!" Bibi akajifunika kaniki usoni. Mfumu, mzee wa kutafuna maneno, akaweka kisu chini. "Huyu mtoto... zamani... alikuwa analala na nani?"

"Na mimi," mama akajibu.

"Basi dume... halina kosa. Mrudishieni kifaranga mama yake."

Baba hakunichapa. Angenichapa ningepona. Alivaa kofia, akaondoka uani bila kumtazama mtu. Kesho yake akanishika mkono, tukaenda kisimani wawili, yeye upande wa zizi, mimi upande wa pili. Tukawa hivyo kila asubuhi, mpaka hofu ikaisha, na likizo yake ikaisha. Geita sikupelekwa. Bibi akanitania, "Haya, mume kaondoka, rudi kwa mama yako." Nikakataa. Ningelalaje pale, kijiji kizima kinajua?

Zizi lile sasa ni shamba la mpunga la watu. Wafumu wa kuku wamebaki wa kuhesabu. Uzio wetu wa minyaa uling'olewa, wakajenga ukuta wa tofali. Nami naukumbuka uzio ule kwa jambo moja: tangu mwaka huo, kila baba aliporudi kutoka Mwadui alisimama nje yake, mzigo kichwani, akapiga hodi. Kwake mwenyewe! Bibi akitoka, haingii. Mama akitoka, haingii. Anangoja mimi niseme, "Karibu, baba." Watu walicheka, wakadhani utani. Mimi nilikuwa nasema huku natazama vidole vyangu vya miguu.