Mungu Aliyepindishiwa Njia

Tiwatawi aliujua mji wa Hattusha kinyumenyume. Huu si utani, ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Mungu akinuna na kuihama nyumba yake, yeye ndiye aliyeitwa kumrudisha, na mungu haongozwi kwa kupewa mgongo. Unatandika kitambaa chini, unadondosha asali, mafuta na unga, unashika uzi mwekundu wa sufu, kisha unarudi nyuma taratibu huku ukimbembeleza mpaka umfikishe. Uzi ukiwa mzito mkononi, amekuja. Ukibaki mwepesi, unaanza upya. Watu walimwita bibi wa njia tangu hajaota mvi hata moja.

Kwetu katika dola ya Hatti miungu ilikuwa mingi kuliko mbuzi, maana kila mji tulioushinda tuliubeba na mungu wake, kwa hiyo kazi haikumkosa. Aliwahi kumrudisha mungu wa kisima, akamrudisha wa jiko la ikulu, akamrudisha hata yule wa kike aliyekimbilia msituni kwa sababu ya unywele ndani ya mkate. Watu walicheka, yeye hakucheka. Yeye ndiye aliyeusikia uzi ukivutwa.

Halafu ikaja miaka ya ukame. Pale bwawani, palipokuwa pamebaki tope tu, wanawake walibishana juu ya nani anayeiua dola.

"Mvua ndiyo inatuua, nini kingine?" alisema mmoja.

"Mvua gani, shoga? Ni hawa wajukuu wa mfalme mzee! Mmoja kakalia kiti, binamu yake huko kusini naye anajiita mfalme mkuu. Waume zetu wanachinjana wenyewe kwa wenyewe."

"Na meli za ngano kutoka Misri? Si watu wa baharini wamezichoma?"

"Kwani wewe ngano ya Misri uliionja lini? Yote ilikuwa ikiishia ikulu."

Muwatti, binti pekee wa Tiwatawi, alikuwa ameketi pembeni na tumbo lake kubwa. Mumewe alichukuliwa kwenda kupigana na binamu wa mfalme na hakurudi. Alicheka kicheko kikavu. "Ulizeni miungu inakula nini. Kila siku kondoo, kila siku mikate, na sisi tunachemsha majani."

"Funga mdomo, mtoto wewe!" mama yake alimkemea. "Ina masikio ile."

"Ina matumbo pia, mama."

Wiki hiyohiyo akaja Armapiya, mkuu wa watumishi wa hekalu, mtu mnene ambaye unene wake ulikuwa umeanza kumpwaya. Alifunga mlango kabla ya kusema neno.

"Bibi, tunataka njia ya Bwana wa Radi."

"Kwani ametoka?"

"Hajatoka. Unamtoa wewe. Kuanzia hekaluni mpaka lango la kusini. Mikokoteni itakuwa inangoja."

Maisha yake yote Tiwatawi alikuwa akirudisha, hajawahi kutoa, sembuse mungu mkuu wa mji, mwenye mvua. "Mfalme anahama," alisema.

"Mfalme anabadilisha makao," Armapiya alisahihisha. "Ukimwambia mtu, ulimi wako utabaki hapa. Wewe una nafasi kwenye mkokoteni."

"Na binti yangu?"

"Bibi, usinitie majaribuni. Mwanamke anayekaribia kujifungua asogee karibu na miungu? Wewe mwenyewe unajua mwiko. Akishajifungua na miezi yake ya kutakaswa ikapita, atatufuata."

Atafuata na nani, kwa chakula gani, katika nchi ambayo Wakashka wa milimani walikuwa wakichoma kijiji baada ya kijiji? Tiwatawi alikuwa na jibu. Mji ukitolewa mungu wake ni gofu tu linalosubiri moto, na Muwatti angekuwa anajifungulia humo.

Basi akafanya jambo ambalo hakuna bibi wa njia aliyewahi kulifanya. Jioni ya kuamkia safari alichukua asali kidogo katika ile aliyopewa, akaipaka ardhini kuanzia mdomo wa uchochoro hadi kizingiti cha binti yake, na juu yake akapukuta vumbi.

Alfajiri wakamtoa Bwana wa Radi. Sanamu ilibebwa imefunikwa kitani, lakini sanamu ni kiti tu, na mwenye kiti alitembea juu ya asali. Uzi ulikuwa mzito kuliko alivyowahi kuusikia, ukamkata vidole. Nyuma ya msafara mwanamume mzima alipiga magoti akaanza kulamba njia. Zamani angeuawa palepale. Siku hiyo askari alimtazama, akameza mate, akageuza uso.

Penye mdomo wa uchochoro Tiwatawi alilegeza mkono. "Huku, Bwana wangu," alinong'ona. "Huku kuna tamu zaidi."

Uzi ukawa mwepesi. Alihisi kitu kikubwa kikimpita begani bila upepo, na nywele za mikono yake zikasimama. Akaendelea kurudi nyuma mpaka langoni, akibembeleza hewa.

"Amekuja?" Armapiya aliuliza.

"Amekuja."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi ile. Sanamu ikapandishwa mkokotenini, mfalme na watu wake wakaondoka na kiti kisicho na mwenyewe. Wengine wanasema dola ilikufa kwa sababu ya meli, wengine kwa sababu ya binamu. Mimi sibishani nao. Ila nikiwaza mikokoteni ile ikipanda vilima, imebeba sanamu tupu na wanaume wanaoiinamia, nadhani dola ilikuwa imeshakufa kabla hawajavuka mto. Na bibi wa njia, aliyekuwa na nafasi yake mkokotenini, hakuna aliyegundua kwamba hakupanda.

Mji uliobaki ulikuwa na ukimya wa ajabu. Hakuna aliyevunja kitu. Vyumba vya ikulu vilikuwa vimefagiwa, milango imerudishiwa, mitungi imepangwa na haina kitu ndani. Wenye nguvu ya kutembea wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Usingejua nyumba ipi ina watu mpaka ubishe hodi, na watu wakaacha kubisha, kwa kuogopa kutojibiwa.

Ila nyumba ya Muwatti ilinukia mvua.

"Mama, unasikia?" Muwatti aliuliza, akiinua pua. Nje ardhi ilikuwa imepasuka, ndani mlikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Pazia la mlango lilikuwa limevimba kwa ndani, na hapakuwa na upepo.

"Nasikia. Tulia, mwanangu. Tunaye mlinzi."

Uchungu ulipoanza, uliisha upesi mno. Mtoto alitoka bila shida, wa kike, na hakulia. Alikuwa akiangalia kona ya nyumba ambako hakukuwa na mtu. Wakashka walishuka hadi mitaa ya juu, wakachoma, wakaiba, lakini uchochoro ule waliupita kana kwamba ni ukuta. Tiwatawi alifurahi. Naam, alifurahi, akajiona mjanja aliyewazidi wafalme.

Kisha dengu zikaanza kukosa kitu.

Hazikupungua chunguni, hapana. Walipika, wakala, tumbo likajaa, na njaa ikabaki palepale. Mkate wa shayiri ulikuwa mkate kwa macho, mdomoni ulikuwa majivu. Mungu hali kama sisi. Anachukua kile kinachokifanya chakula kiwe chakula, anakuachia ganda. Hekaluni hilo halikumdhuru mtu, kulikuwa na kondoo wa kutosha mungu na makuhani. Humu ndani kulikuwa na chungu kimoja.

"Mama, maziwa yanatoka," Muwatti alisema siku moja. "Yanatoka mengi. Ananyonya mpaka anacheua. Hebu mshike."

Tiwatawi akampokea mjukuu wake. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Umeleta nini humu, mama?"

Alimwambia. Muwatti akamchukua mtoto wake. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Mtoe."

"Kwa kitu gani, mwanangu? Asali hakuna. Mafuta hakuna. Unga ndio huo, ameshaula. Mungu haitwi kwa mikono mitupu."

"Wewe ndiye bibi wa njia. Mtoe, kabla hajammaliza huyu."

Tiwatawi alikaa chini akalia, na aibu ilikuwa kubwa kuliko uchungu. Kisha akajipangusa kamasi kwa upindo wa gauni, akachomoa uzi mwekundu kwenye mfuko wake, akasimama mlangoni akiielekea ile kona.

"Bwana wangu," alisema kwa sauti yake ya kazi, tamu, isiyotetemeka. "Meza yako iko tayari hekaluni. Kondoo amechinjwa, mkate uko moto. Humu umekaa kwa wanyonge. Njoo."

Akarudi nyuma hatua moja. Uzi ulikuwa mwepesi.

"Njoo. Huyo mtoto ni kitu kidogo tu. Mimi nimekula mikate yako tangu ujana, mabaki ya meza yako yote yamo mwilini mwangu. Humu kuna kingi. Njoo ule."

Uzi ukakazika ghafla, ukamvuta mpaka akapepesuka.

Akatoka kinyumenyume, akaupita uchochoro, akaipita barabara iliyojaa majivu, huku akiimba karamu isiyokuwepo. Macho yake yalikuwa kwa Muwatti hadi kona ilipomficha. Nyumbani harufu ya mvua ilikatika, na mtoto akalia kwa mara ya kwanza.

Mchana huo alinyonya akalala, na kesho yake alikuwa na uzito mkononi. Dengu zikawa dengu. Muwatti alikula mpaka akapata nguvu za kusimama, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda hekaluni. Milango mikubwa ilikuwa imefungwa kwa ndani.

"Mama!" Akapiga kwa viganja. "Mama, toka! Tumepona. Twende kusini."

Ndani kulisikika sauti ya sahani zikipangwa, pole pole.

"Mtoto ananyonya?" Sauti ya Tiwatawi ilikuwa nyembamba sana, kama inatoka mbali ndani ya kisima.

"Ananyonya vizuri. Toka basi, mama. Nakuomba."

"Nenda, mwanangu. Nenda sasa hivi, usimpitishe tena hapa." Sahani nyingine ikawekwa chini. "Bado anakula."