Mama Yangu wa Mwaka wa Tano

Katika darasa la mwaka wa tano ninalofundisha hapa Kamina, kulikuwa na msichana aliyekuwa mwepesi wa ngumi kuliko wa hesabu. Ukimgusa kiwiko tu kwenye benchi, umejitakia. Nilimfagilisha darasa, nikamhamishia mbele karibu na meza yangu, na bado kutwa nilikuwa naamua ugomvi. Mimi mwenyewe si mpole. Tulikuwa tunapigiana kelele sisi wawili, wenzake wakifurahia sinema ya bure.

Mwishowe direkta wa shule akachoka. Akamwita bibi aliyemlea, muuza mihogo sokoni, akamwambia mbele yangu, akionyesha mkoba wa shule wa mtoto, "Akipikana tena, anarudia kwabo na kartable yake."

Bibi akalia. Kisha akanigeukia. "Metre," akasema, kama wote huku wamwitavyo mwalimu, "weye unajua jina yake. Juu ya nini haumuite?"

Nilijua sana. Jina lake la nyumbani lilikuwa la marehemu mama yangu, ndiyo maana mwaka mzima nilimwita kwa lile la ubatizo. Kwetu Waluba, abebaye jina la mama yako ni mama yako: humpigi, humfokei, unamwamkia kwa heshima. Sasa mimi, mwalimu na tai yangu, nimwite mama mtoto anayefuta makamasi kwa mkono wa shati?

Asubuhi iliyofuata nilimeza hadhi yangu. Nikainama kidogo mbele ya benchi lake. "Jambo, mama. Umelala muzuri?"

Aligeuka nyuma kuangalia ni nani aliyeingia. Darasa likalipuka kwa kicheko, nami nikacheka mpaka machozi. Kufikia mapumziko watoto walikuwa wamekwisha kupiga hesabu zao: ikiwa yeye ni mama wa mwalimu, basi kwao ni bibi. Wakaanza kumwita kambo, yaani bibi kwa lugha ya kwetu, na kumpelekea kesi zao azikate. Alizikata vizuri, kwa sauti ya mtu mzima.

Lakini ngumi haikuwa imehama. Siku moja mvulana alimpokonya kalamu, akakimbia nayo nyuma ya darasa. Yule msichana akamfuata, akamkaba shati, mkono ukapanda juu. Dirishani alikuwa amesimama direkta.

"Mama," nikasema polepole, "bajukuu iko banaangaria."

Mkono ulibaki juu. Kisha ukashuka, ukachukua kalamu, ukampangusa yule mvulana vumbi la chaki kichwani. "Kambo, pole," mvulana akasema. Darasa zima likapiga makofi, na direkta akaenda zake akitikisa kichwa, akitabasamu.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama mara mbili. Karibu na mwisho wa mwaka, mtoto mmoja alimwaga ndoo ya maji juu ya madaftari niliyokwisha kusahihisha. Nilisimama, nikapiga meza, nikaanza kunguruma.

"Mwana," ikatoka sauti benchi la mbele, "kaa chini. Umekula?"

Hivyo hivyo ndivyo marehemu mama alivyokuwa ananiuliza kila nikirudi nyumbani na hasira. Nikakaa. Nikamjibu ukweli, kwamba sijala.

Akatoa muhogo wake kwenye kartable, akauvunja, akanipa kipande kikubwa.