Balbu ya Kushoto

Dereva wa basi la shule walimwita Mzee Kitambaa, na jina lilimkaa. Mfukoni hakukosa kitambaa cha manjano, na kila asubuhi kabla hajawasha injini alikuwa ameshafuta dashibodi, usukani, vioo na hata vitasa vya milango. Miaka ishirini na mbili kazini, basi la tatu hili, na boneti hakumfungulia mtu kwa jambo dogo. Gari ni kama meno, alisema, hupigiwi mswaki na jirani.

Sasa taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imeungua mara nne. Balbu ya kwanza ilichoka tu, ilikuja na basi. Tatu alizoweka mwenyewe hazikufikisha hata wiki tatu kila moja. Msimamizi wa magari, kijana mpole asiye na maneno mengi, alimweleza waziwazi: "Mzee wangu, unabeba watoto arobaini na unaondoka bado kiza. Ikiungua nyingine, funguo utanikabidhi."

Mzee alielewa lisilosemwa, kwamba umri umemfika na sasa hata balbu inamshinda.

Fundi umeme wa gereji ya shule alikuwa mke wa mwanawe. Nyumbani alimwita Baba na kuzungumza naye ameinamisha macho, na kazini hakubadilisha kitu. Mchana ule alikuja na mita yake. Fyuzi ilikuwa nzima. Umeme kwenye soketi ya kushoto na ya kulia ulikuwa sawasawa. Pale waya unapofungwa kwenye bodi alikwangua kutu kidogo, kutu ya kawaida tu, akapima tena, namba haikusogea.

"Si nilisema?" Mzee alisema nyuma yake. "Balbu za siku hizi ni makaratasi." Akafungua boksi, akatoa mpya, akaanza kukifuta kioo chake kwa kile kitambaa, taratibu, kama anamfuta mtoto pua.

"Samahani, Baba. Ile ya kulia uliwahi kuibadilisha?"

"Ya nini? Haijaungua hata siku moja. Sijaigusa tangu basi lije."

"Ndiyo hivyo, Baba." Mkwewe aliionyesha ile iliyokuwa mkononi mwa Mzee. "Balbu hizi hazishikwi kioo. Mafuta ya vidole yakibaki, hapo panapata moto kuliko kwingine, taa inakufa mapema. Na hicho kitambaa kina mafuta ya dashibodi."

Mzee alikitazama kitambaa, kisha vidole vyake. "Umejua lini?"

"Tangu ya pili. Nilikuona unaifuta. Nikaona haya, mimi mkweo nikusahihishe mbele ya madereva."

"Kumbe ningepoteza kazi kwa adabu yako."

Hakusema kwa hasira. Alichokuwa nacho ni fedheha, tena fedheha ya mtu asiyeona pa kuitupa. Mkwewe alichukua balbu nyingine, akaishika chini kwenye chuma, akaiweka. Iliwaka.

Msimamizi aliiona akaja. "Fundi, tatizo lilikuwa nini?"

"Palikuwa na kutu kidogo kwenye waya," mwanamke alianza, macho chini, "nimesha..."

"Si kutu," Mzee alimkatiza. "Ni mimi. Nimeua balbu tatu kwa kuzifuta. Yeye ndiye aliyegundua." Akanyoosha mkono wenye funguo.

Madereva wawili waliokuwa wakicheza bao waliacha kucheza. Msimamizi alizitazama funguo, hakuzipokea. "Watoto wanatoka saa tisa," alisema. "Usiwacheleweshe."

Mzee alipanda, akawasha injini, akateremsha kioo cha dirisha. "Mama," alimwambia mkwewe, "siku nyingine nikikosea niambie. Hata wakiwepo watu."

Akaingiza gia. Basi lilinguruma, lisisogee.

Yule mwanamke aliinua macho akamtazama usoni. "Baba," alisema, na wote walisikia, "hendibreki."