Mawaridi ya Achuka Yaliyonyweshwa kwa Nguvu

Achuka alipoanza kupanda mawaridi ya jangwa kwenye kilima cha mawe karibu na Kipsing, watu walimcheka. Mti wenye utomvu wa sumu, usioliwa na mbuzi wala ngamia, ni wa nini? Yeye alikuwa mjane mchoma makaa. Kila alipotoka bondeni alibeba tawi moja juu ya gunia, akalichomeka kati ya mawe. Alifanya hivyo miaka kumi na moja, mpaka kiangazi kimoja kilima chote kikachanua.

Magari yakaanza kuja kutoka Isiolo, watu wakipiga picha. Hapo ndipo shemeji yake, Ebei, alipokumbuka kwamba kilima ni cha jamii. Akaunda kamati, akajiweka mwenyekiti, akajenga lango. Achuka akapewa fulana na kuambiwa kazi yake ni kufagia.

Hilo alilimeza. Lililomshinda ni maji.

Siku ya kuwafungulia wageni lango ilipokaribia, Ebei alileta lori la maji. Hapa kwetu hakuna anayeamini kwamba maji yanaweza kuua. Mwenye kiu hunyweshwa, basi.

"Shemeji, usimwage," Achuka alimwambia. "Mti huu huchanua kwa sababu ya kiu. Ukiunywesha hivyo utaleta majani, kisha mizizi itaoza."

"Miti umesomea wapi? Kwenye tanuri la makaa?"

Wanakamati wakacheka.

"Nimesomea hapa hapa, wewe ukiwa mjini."

"Shika fagio, mama. Wageni hawaji kuona vijiti vikavu visivyo na jani."

Mimi, kibarua wa kamati, ndiye niliyeshika mpira wa maji. Nilijua anasema kweli, maana nimechunga huku tangu utoto, lakini nikafungulia maji. Tulimwagilia kila siku, wiki tatu nzima. Maua yakaanguka, majani yakatoka. Ebei akasema sasa panapendeza.

Asubuhi ya ufunguzi, viti vimeshapangwa, Achuka alibonyeza shina moja. Kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyooza. Akabonyeza la pili, la tatu. Akaenda kuchukua jembe.

"Unafanya nini?" Ebei akapiga kelele. "Unaharibu mali ya jamii!"

"Mali ya jamii inaoza, Ebei! Nang'oa miti iliyobaki mizima."

Mti huu ukiwahiwa, hulazwa kivulini bila tone la maji hadi mizizi ikauke vidonda, kisha hupandwa tena. Achuka alikuwa akitafuta yenye mashina magumu tu. Katika mia tatu na zaidi, alikuwa amepata kumi na saba.

"Mnyang'anyeni jembe!" Ebei alituamuru.

Hakuna aliyesogea. Mimi nilisukuma toroli mpaka alipokuwa, nikaanza kupakia.

Gari la kwanza likafika. Mama mmoja mwenye kamera akashuka, akatazama huku na huku.

"Samahani, maua yako wapi?"

Achuka hakuinua kichwa. "Muulize mwenyekiti," akasema, akapiga jembe chini.