Mama na Picha ya Stesheni

Ile picha niliinunua mwenyewe, duka la mitumba hapa ughaibuni, mtaani kwangu Kilburn, na niliinunua kwa hasira. Mama alikuwa hanipi nafasi: fleti yako kuta tupu, kama wodi. Haya, nikamletea cha ukutani. Mchoro wa zamani uliochapwa, wa stesheni ya Paddington enzi za treni za moshi: paa la chuma na vioo, wapagazi wanapandisha masanduku juu ya mabehewa, na umati wa watu wa makoti na magauni mapana, wengine wanasafiri, wengine wamekuja kuwasindikiza.

Nilidhani ataicheka. Lo! Aliipenda kuliko televisheni. Akishasali asubuhi anavuta kiti, anakaa nayo na chai yake.

"Huyu bibi anaomba radhi," aliniambia siku moja, kidole kwenye kioo cha picha. "Mtazame alivyomng'ang'ania mwenzake."

"Mama, hao Wazungu. Hawaombani radhi stesheni."

"Kwani wao hawafi?"

Kwetu Pemba mtu hendi safari kubwa bila kuombana radhi na watu wake: nisamehe nilipokukosea, nami nimekusamehe. Maana huenda msionane tena. Na mama alikuwa ameshaanza kusema anataka kurudi kwao moja kwa moja, si kutembea. Neno kuzikwa hakulitaja, lakini mie si mtoto mdogo.

Mie nilimtaka hapa. Nasema bila haya. Miaka yote kabla hajaja nilikuwa natoka kazini nafungua mlango, kiza, hakuna hata wa kumwambia nimechoka. Alipokuja yeye nyumba ikanukia bizari, nikawa nagombezwa kwa kuchelewa, mtu mzima mie na mvi zangu. Nilitaka nigombezwe hivyo hivyo mpaka nizeeke.

Kaka yangu akaja kumchukua. Mama akanikataza kufika uwanja wa ndege, nisikose kazi, basi nikawasindikiza mpaka Paddington, wanapopandia treni ya uwanjani. Paa ni lile lile la kwenye picha. Wapagazi hakuna, kila mtu anaburura begi lake, na msindikizaji mwisho wake vilango vya tikiti. Kaka akatangulia na mizigo. Mama akasimama, watu nyuma yetu wanaguna kwa haraka zao, akanishika mashavu.

"Mwanangu, nisamehe. Nami nimekusamehe, duniani na akhera."

Jibu lake kila mtoto wa kwetu analijua. Nikafungua mdomo nilitoe, hasira zikanipanda.

"Sikusamehe."

"Wewe!"

"Sikusamehe ng'o! Ukiitaka radhi yako, rudi uifuate hapa."

Akaniangalia, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Mkaidi we, sijui umemrithi nani." Kaka akamwita, akapita, vilango vikajifunga. Nikabaki upande wangu nalia mbele za watu, wala sikujali.

Sasa yuko Pemba, na miguu haimchukui vizuri. Kila Ijumaa hunipigia simu. Tukishajuliana hali, sauti yake hushuka.

"Haya, umeshanisamehe?"

Nina hamu naye mpaka kifua kinauma. Nasema, "Bado, Mama."

"Haya basi, mwanangu," hunijibu. "N'tangoja."