Langoni mwa Makaburi

Baba yangu alihubiri miaka mingi kwamba dini haikuletwa kuwafungia watu nje. Alisilimu ujanani, akasoma Kiarabu mpaka macho yakaharibika, kisha akaanza kuwauliza wenzake msikitini hapa Kisumu maswali yasiyopendeza. Mbona hotuba haifafanuliwi kwa Kijaluo? Mbona wanawake hawana hata chumba cha kuswalia? Kazi ya kumpigia mbuzi gitaa. Walikuja nyumbani Manyatta, wakamsikiliza kwa adabu, wakanywa chai, wakaondoka vilevile walivyokuja. Chai nilipika mimi. Nilichoka zamani, jamani.

Alipougua, mama alikuwa ametangulia, na mimi, binti, ndiye mtoto wake wa pekee. Siku moja akaniita kitandani.

"Utanisindikiza mpaka kaburini. Nimesoma, nimepima, sioni dhambi yoyote. Usikubali kurudishwa."

Nikaahidi.

Alifariki alfajiri, na baada ya adhuhuri tukawa njiani. Baba zangu wadogo, Wakristo wote, walinung'unika sana: mtu anazikwaje siku hiyohiyo, kabla watu wa nyumbani hawajafika? Hata hivyo walilibeba jeneza, nami nikafuata nyuma. Langoni mwa makaburi mzee mmoja wa kamati ya msikiti, mnywaji mkuu wa ile chai yangu, akanizuia kwa mkono.

"Mama, wewe rudi. Wanawake hawaingii huku."

Nikamwambia ni wasia wa marehemu. Akasema marehemu alikuwa na maoni yake. Maoni! Nilitaka kumtukana, nikaishia kulia tu.

Baba mdogo mmoja akageuka, akaona. Akawaambia wenzake washushe jeneza palepale kwenye vumbi.

"Mzee, kwetu hatuwezi kuzika mtu na mtoto wake amefungiwa nje. Tutakaa hapa mpaka jioni."

Mzee alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Jeneza halikuinuka, ng'o! Naye alijua kuliko sisi sote kwamba maiti haicheleweshwi. Mwishowe akaondoa mkono. Nikaingia, nikamtupia baba udongo mara tatu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata imamu alimsifu baba huku machozi yakimlenga. Mwanazuoni wetu, alisema, taa yetu. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nje na wanawake wenzangu, juani, chini ya kipaza sauti.